Kilio Bila Mfiwa: Ardhi na Haki ya Kusamehe katika Riwaya za Mahaba za Ranchini

Miongoni mwa tanzu za fasihi pendwa, riwaya ya mahaba pengine ndiyo inayodharauliwa zaidi na wahakiki. Mhakiki akishasema kwamba msuko wake hutabirika na kwamba wapenzi hawana budi kuoana katika sura ya mwisho, hudhani kazi yake imekwisha. Dharau hii ina hasara. Jambo linalorudiwa mara nyingi mno katika vitabu vya bei nafuu aghalabu hufichua imani za jamii iliyolizaa kwa uwazi usiopatikana katika kazi za waandishi waangalifu zaidi. Makala haya yanachunguza utanzu mdogo mmoja, yaani riwaya za mahaba za Kimarekani ambazo mandhari yake ni ranchi za ng'ombe na farasi katika majimbo kama Texas, Montana, Wyoming na Arizona, na ambazo wakati wake ni wa sasa. Shujaa wa riwaya hizi bado huvaa kofia pana na viatu virefu vya ngozi, lakini huendesha pikapu, hudaiwa na benki na hubishana na wakili kwa simu.

Swali linaloulizwa hapa ni la kimaadili. Je, hadithi inayomfurahisha msomaji kwa kumwokolea mhusika ardhi yake ina wajibu wowote wa kuuliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani hapo kwanza? Na isipouliza, je, hilo ni kosa la kimaadili, au ni mipaka ya kawaida ya utanzu ambao haukuahidi chochote zaidi ya mapenzi na mwisho mwema?

Historia ya utanzu huu yaweza kuelezwa kwa ufupi. Riwaya ya Owen Wister, The Virginian, iliyotoka mwaka 1902, ndiyo huhesabiwa kuwa kielelezo cha hadithi za kikauboi, na ifahamike kwamba hata humo mna mahaba: mchunga ng'ombe wa Wyoming anampenda mwalimu wa kike aliyetoka Vermont. Hata hivyo, kwa miongo mingi baadaye hadithi za kikauboi zilikuwa hadithi za wanaume, na wasomaji wake walidhaniwa kuwa wanaume. Jane Tompkins, katika kitabu chake West of Everything cha mwaka 1992, alitoa hoja kwamba hadithi hizo zilikuwa jibu la wanaume dhidi ya riwaya za kinyumbani za wanawake wa karne ya 19: shujaa alikimbilia jangwani ili kuiepuka sebule. Hoja hii ikikubaliwa, basi riwaya ya mahaba ya ranchini ni kisasi cha namna fulani, na kisasi chenye ucheshi. Mwanamke anaifuata sebule yake hadi jangwani, anaitandika huko, na yule mwanamume aliyekimbia analazimika kuvua kofia mlangoni.

Upande wa biashara, kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ilianzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949; ya pili iliinunua ya kwanza mwaka 1971. Janet Dailey, Mmarekani wa kwanza kuandikia Harlequin, alitoa No Quarter Asked mwaka 1974, na mandhari yake ni ranchi ya Texas. Baada yake wakaja wengi. Diana Palmer alianza mfululizo wake wa Long, Tall Texans mwaka 1988 na kuujengea mji wa kubuni uitwao Jacobsville. Nora Roberts alitoa Montana Sky mwaka 1996, riwaya itakayorejelewa kwa kina hapa chini. Linda Lael Miller naye alijenga koo nzima za wafugaji wa Arizona na Montana. Mfululizo ni jambo la msingi katika utanzu huu: ndugu mmoja akioa katika kitabu cha kwanza, nduguye huachwa mseja makusudi ili kitabu cha pili kipate shujaa.

Wahakiki wa kike wa miaka ya 1970 na 1980 waliotangulia kuzichukulia riwaya za mahaba kwa uzito waliuliza hasa zinamtendea nini mwanamke. Swali hilo ni la haki, na limejadiliwa sana. Lakini mkazo wake juu ya mume na mke umeacha kando mhusika wa tatu ambaye katika riwaya za ranchini hakosekani kamwe, naye ni ardhi yenyewe. Yeyote aliyesoma kazi hizi kwa makini atakubali kwamba mara nyingi kinachosukuma msuko ni hofu ya kuipoteza ardhi, na mapenzi hupata nafasi ya kuota ndani ya hofu hiyo. Baba amekufa na kuacha madeni. Benki inatishia kuuza ranchi kwa mnada. Kampuni ya mafuta inataka kuchimba, au tajiri wa mjini anataka kugeuza malisho kuwa uwanja wa gofu na nyumba za likizo. Binti aliyekwenda mjini analazimika kurudi, akamkuta msimamizi wa ranchi, kijana mkimya mwenye mikono iliyokauka kwa kamba na jua, akiwa ndiye pekee anayejua idadi ya ng'ombe waliobaki.

Katika kuieleza hofu hiyo, utanzu huu una ujuzi ambao wahakiki hawajausifu ipasavyo. Unajua kwamba mtu anayetishiwa kuondolewa katika ardhi yake haoni hasara ya fedha tu. Anauona mti ambao babu yake alizikwa chini yake. Anajua jina la kila kijito, na anajua kwamba jina hilo halimo katika ramani yoyote, hivyo yeye akiondoka jina nalo litakufa. Anaona aibu kukutana na majirani dukani. Analala macho akisikiliza upepo ukigonga bati la zizi, kelele aliyokuwa akiichukia utotoni. Anamchukia karani wa benki, kisha anajichukia kwa kumchukia, maana karani ni mtoto wa mtu anayemfahamu. Haya yote huandikwa kwa undani na kwa huruma, na waandishi wengi hawakosi shabaha. Msomaji hulia, na hana sababu ya kuona haya kwa kulia.

Tatizo huanza pale msomaji anapofanya hesabu. Mhusika wa riwaya hizi aghalabu hujitambulisha kwa idadi ya vizazi: yeye ni wa nne au wa tano katika ardhi ile. Urefu wa ukoo ndio hati yake ya kimaadili, mighairi ya ile iliyoko benki. Sasa basi, riwaya ikiwa ni ya miaka ya 1990, kizazi cha kwanza kati ya vinne au vitano kinatupeleka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Nini kilikuwa kikitendeka wakati huo? Sheria ya mwaka 1862 ilikuwa imempa mlowezi ekari 160 za ardhi ya serikali iwapo angekaa na kulima kwa miaka 5. Seng'enge iliyopewa hataza na Joseph Glidden mwaka 1874 ilikuwa imeanza kuigawa nyika. Nyati wa Amerika, waliokuwa uhai wa mataifa ya nyika, walikaribia kumalizwa kufikia miaka ya 1880. Na kwa sheria ya mwaka 1887 iliyojulikana kwa jina la Dawes, ardhi za pamoja za wenyeji wa asili ziligawanywa vipande vya watu binafsi na kilichosalia kikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka huo wenyeji walikuwa na takriban ekari milioni 138. Kufikia mwaka 1934 walibakiwa na takriban milioni 48.

Montana, ambayo ni mandhari pendwa ya utanzu huu, ina historia yake mahususi. Mkataba wa mwaka 1855 ulilitambua eneo kubwa la kaskazini kuwa la taifa la Blackfeet na majirani zake. Tarehe 23 Januari 1870 jeshi la Marekani lilishambulia kambi yao kando ya mto Marias. Jeshi lenyewe lilihesabu maiti 173, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Katika majira ya baridi ya 1883 na 1884, nyati wakiwa wamekwisha na chakula cha serikali hakitoshi, watu wapatao 600 wa taifa hilo walikufa kwa njaa. Mwaka 1895 waliuza safu ya milima ambayo sehemu yake mwaka 1910 ikawa hifadhi ya Glacier, ile inayoonekana kwa mbali, yenye theluji, katika majalada ya riwaya zinazozungumziwa.

Kwa hiyo yale yote ambayo utanzu huu unayajua kuhusu mtu anayeondolewa katika ardhi yake, mti wa kaburi la babu, kijito kisicho na jina ramanini, aibu na usingizi uliopotea, yalimpata mtu halisi mahali pale pale. Ujuzi ni sahihi, ila umekabidhiwa mtu mwingine. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Katika riwaya za mahaba za ranchini wa mbali wameanza kilio, wamekalia mkeka wa mbele, na mfiwa hakuitwa.

Janet Dailey, kwa kumtolea mfano mwandishi aliyeijua kazi yake, alirudi nyuma hadi mwanzo. Baada ya This Calder Sky ya mwaka 1981, riwaya ya ukoo wa wafugaji wa Montana, alitoa This Calder Range mwaka 1982 ili kueleza jinsi ukoo ule ulivyofika. Mwanzo alioutafuta ni safari ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye nyasi za kaskazini. Uchaguzi huu unastahili kuzingatiwa. Historia ya mahali inaanza siku ng'ombe wa mwanzilishi wanapofika, na chochote kilichotangulia siku hiyo kinabaki kuwa sehemu ya mandhari.

Montana Sky ya Nora Roberts ni kazi changamani zaidi. Mfugaji Jack Mercy amekufa na kuacha mabinti watatu wa mama mbalimbali, ambao hawajapata kuishi pamoja. Wasia wake unawataka wakae ranchini mwaka mzima, la sivyo wataikosa. Willa amekulia hapo na kuifanyia kazi ardhi maisha yake yote. Tess ni mwandishi wa filamu kutoka Hollywood anayehesabu siku. Lily anamkimbia mume wa zamani aliyekuwa akimpiga. Swali la riwaya ni la haki: ni nani anayestahili kurithi, aliyezaliwa na mwenye mali au aliyetoa jasho? Roberts analijibu kwa hekima, kwani anawafanya wale wawili waliokuja kama wageni wajifunze kazi, na yule mzawa ajifunze kugawana.

Lakini katika ranchi hiyo hiyo yumo Adam Wolfchild, ndugu wa Willa kwa mama, mwenye asili ya Blackfeet, fundi wa farasi na pengine mtu mpole kuliko wote kitabuni. Yeye si mtoto wa Jack Mercy, kwa hiyo si mmoja wa warithi watatu. Kisheria hakuna la kushangaza. Kimaadili hali ni ya ajabu mno: katika riwaya nzima inayouliza ni nani mwenye haki na kipande hiki cha Montana, mtu ambaye watu wake walikuwako kabla ya seng'enge hapewi swali hilo alijibu. Anapewa mapenzi. Anamponya Lily kwa subira yake, na anamwoa. Ndoa hiyo imeandikwa vizuri, na ingekuwa ukosefu wa adabu kuibeza. Hata hivyo ndoa inafanya kazi ambayo mahakama au mkataba ungepaswa kuifanya, kwa sababu kupitia kwayo Adam anaingia katika familia yenye ardhi, na anapoingia humo dai lolote ambalo angeweza kulitoa kwa jina la watu wake linakuwa halina maana tena. Nani ataishtaki nyumba ya mkewe?

Nyuma ya ruwaza hii kuna falsafa ya zamani. John Locke, katika risala yake ya pili juu ya serikali iliyotoka mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye kitu kwa kuchanganya kazi ya mikono yake na kitu hicho, na mara kwa mara aliitaja Amerika kama mfano wa ardhi isiyotumika ipasavyo. Shujaa wa ranchini ni mwanafunzi wa Locke ingawa hajapata kumsikia. Viganja vyenye sugu ndivyo hatimiliki yake, na mwanamke wa mjini humpenda kwa viganja hivyo kabla ya kumpenda kwa jambo jingine. Ubovu wa hoja ni kwamba jasho lililomwagika katika ardhi ile halikuwa la ukoo mmoja. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila wachunga ng'ombe wanne wa enzi ya misafara alikuwa mtu mweusi, na ufundi wenyewe, pamoja na maneno kama ranchi na rodeo, ulitoka kwa wafugaji wa Mexico. Jasho lao halikuwapa hati. Kuna pia ukweli mdogo wa kiuchumi ambao riwaya hizi huupitia kwa haraka. Wafugaji wengi wa magharibi hulisha mifugo katika ardhi ya umma chini ya sheria ya mwaka 1934, na kuanzia mwaka 2019 hadi 2025 ada ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Mtu anayejisifu kwamba hadaiwi na yeyote huenda kila msimu wa kiangazi ni mpangaji wa serikali, na kwa kodi nafuu sana.

Utetezi wa utanzu huu upo, nao si dhaifu. Janice Radway, katika Reading the Romance ya mwaka 1984, aliwahoji wanawake wa mji mmoja aliouita Smithton, wateja wa muuza vitabu mmoja, akagundua kwamba tendo lenyewe la kusoma lilikuwa na maana kwao kuliko hadithi. Kitabu kilikuwa mlango wa kufunga: kwa saa moja au mbili mama hakuwa wa mume wala wa watoto. Mwanamke wa namna hiyo anajua fika kwamba anachokisoma ni ndoto. Kumdai aibebe historia ya Montana katika saa yake moja ya mapumziko ni ukali wa mwalimu. Zaidi ya hayo, hakuna riwaya inayosema kila kitu. Riwaya ya mahaba ya hospitalini haiulizi nani alijenga hospitali, na hakuna anayelalamika.

Sehemu ya utetezi huu inayomhusu msomaji haina jawabu, na haistahili kutafutiwa jawabu. Sehemu inayolinganisha ranchi na hospitali ndiyo isiyosimama. Riwaya ya hospitalini hainyamazi juu ya jambo ambalo yenyewe imelifanya kuwa chanzo cha machozi. Riwaya ya ranchini inachota nguvu zake katika uchungu wa kunyang'anywa ardhi, na uchungu huohuo ndio inaoufumbia macho ulipokuwa wa mwingine. Wajibu unatokana na matumizi hayo. Mtu asiyewahi kuchota maji ya kisima cha jirani hana la kuulizwa, lakini anayechota kila siku anaweza kuulizwa, hata kama anachota kwa kiu ya kweli.

Jambo hili lilijitokeza hadharani mwaka 2021, ingawa kwa kupitia riwaya ya kihistoria na si ya wakati wa sasa. Chama cha waandishi wa mahaba wa Marekani kiliipa tuzo katika kitengo cha mahaba yenye maudhui ya kidini riwaya ya Karen Witemeyer, At Love's Command, iliyotoka mwaka 2020. Shujaa wake alikuwa askari mpanda farasi aliyeshiriki katika mauaji ya Wounded Knee, Dakota Kusini, tarehe 29 Desemba 1890, ambapo Walakota kati ya 250 na 300 hivi waliuawa. Anajuta, anaapa kuwalinda wanyonge, anakwenda Texas, na huko anapendwa na daktari wa kike. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi Agosti mwaka huo chama kiliiondoa tuzo. Waliomtetea mwandishi walishikilia kwamba toba ndiyo kiini cha kitabu, na kwamba hakuna mkosaji aliye nje ya rehema.

Mjadala ule ulielemea mno kwenye tuzo. Swali lililostahili kuulizwa ni la zamani kuliko chama chochote: ni nani mwenye haki ya kusamehe? Mwenye imani anaweza kusema ni Mungu, na hapo mhakiki hana la kuongeza. Lakini katika utanzu wa mahaba msamaha hauishii kwa Mungu. Unatolewa na mwanamke. Yeye ndiye anayeusikiliza ungamo usiku, yeye ndiye anayeushika mkono uliotetemeka, na penzi lake ndilo ithibati kwamba jambo limekwisha. Mwanamke huyo hakutendewa chochote na mtu anayemsamehe. Wenye kutendewa wamezikwa, na wajukuu zao, walio hai hadi leo, hawamo kitabuni. Katika jamii nyingi, za pwani na za bara, mtu akimwua mtu wa ukoo mwingine suluhu haikuwezekana pasi na ukoo uliofiwa kuketi na kuikubali. Mchumba wa muuaji hakuwa na kiti katika baraza hilo.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo riwaya ya Witemeyer inayazidi yale majalada yenye pikapu na theluji. Inataja kosa. Inataja mahali na mwaka. Msomaji aliyekasirika alikuwa na kitu cha kukikasirikia. Riwaya za wakati wa sasa haziombi msamaha usiokuwa wao kuupokea, kwa vile zimeshaondoa haja ya msamaha: mwovu ni benki, ni kampuni ya mafuta, ni tajiri wa mjini. Ni vigumu kusema ipi kati ya njia hizi mbili ina aibu kubwa zaidi, lakini ya pili ndiyo isiyopata kulalamikiwa na kamati yoyote.

Msomaji wa Kenya hayuko mbali na suala hili kama anavyoweza kudhani. Vitabu vya Mills & Boon vilipita kutoka dawati hadi dawati katika shule za upili za wasichana, na bado huuzwa kando ya barabara kwa bei ya mtumba. Msichana wa Nyahururu au Nanyuki angeweza kumlilia Mtexas anayekaribia kupoteza malisho ya babu yake, huku dirisha la bweni lake likitazama nyika ya Laikipia ambayo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1911, na ambayo kesi yao ya mwaka 1913 haikuwarudishia. Neno ranchi lilikuwa lile lile. Na kabla ya Harlequin kuzaliwa, Karen Blixen alikuwa ameshaipa Kenya maombolezo ya aina hii katika Out of Africa ya mwaka 1937, kitabu kinachoomboleza shamba la chini ya vilima vya Ngong lililouzwa mwaka 1931. Uchungu wake ni wa kweli. Waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo kama maskwota wamo kitabuni, wamependwa pia, na hofu yao ya kuhamishwa haikuachwa kabisa. Kwa kiasi hicho Blixen aliona mbali kuliko waandishi wengi wa Montana.

Fasihi ya Kiswahili nayo imewahi kuligeuza jicho. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, Shafi Adam Shafi anaitazama milki ya Unguja kutoka kwa Kijakazi, mtumishi anayeichakarikia, na mwenye milki hana nafasi ya kuwa mpenzi anayeliliwa. Lakini hakuna sababu ya kujipigia makofi. Baada ya mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yalikwenda kwa waliokuwa na uwezo wa kununua, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Riwaya ya mahaba ya Kiswahili ikihamia ranchini kesho, binti mrithi na msimamizi wake wakimya watapata wasomaji wa kuwalilia hapa hapa, na watakaokosa kuitwa kilioni watakuwa majirani.

Je, utanzu wenyewe unaweza kufanya vinginevyo? Kathleen Eagle, aliyewahi kufundisha katika eneo la Standing Rock, ameandika riwaya za mahaba ambamo Walakota wa leo ni wapenzi wenye historia yao, wala si mapambo. Beverly Jenkins amewarudisha watu weusi katika nyika za magharibi kwa mfululizo ulioanza na Forbidden mwaka 2016. Maisha yenyewe yametoa misuko mipya: kwa sheria ya Desemba 2020, hifadhi ya nyati ya Montana yenye ekari takriban 18,800 ilirudishwa kwa mataifa ya Salish na Kootenai. Kurudishwa kwa ardhi si jambo la kubuni tena.

Mara nyingi husemwa kwamba kanuni za utanzu hazitaruhusu. Kauli hii inafaa kupimwa kwa kanuni zenyewe. Fasili ambayo chama kile cha waandishi kiliitumia kwa miaka mingi ilidai mambo mawili tu: hadithi ya mapenzi iwe kiini, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Haikutaja ekari. Kwamba wapenzi wabaki na ranchi ni desturi iliyoshikamana na kanuni kwa muda mrefu hata ikadhaniwa ni kanuni. Binti aliyerudi kumzika baba yake anaweza kukuta sandukuni, katika sura ya tatu, mkataba wenye alama za vidole vya watu asiowajua. Anaweza kubishana juu yake na msimamizi hadi usiku wa manane, wakakosana, wakapatana, wakaamua. Kwa mujibu wa fasili ile, nyumba ya kupanga mjini Billings, yenye farasi wawili waliowekwa kwa jirani, ingewatosha.